Mwanamke Aliyemfunga Mume Wangu Mikono

Mume wangu Cleavon Gantt alikuwa na kazi ya kutoa uchafu ambao mtu haushiki kwa mkono akabaki mzima. Uchafu huo ulitoka zamani, walipokuwa wakitengeneza vitu vya kutia kwenye mabomu. Masalio yake waliyamimina kwenye matangi ya chuma yaliyofukiwa ardhini, na tangi moja lingeweza kumeza kanisa letu pamoja na mnara wake. Ukisimama juu unaona changarawe, mabomba na taa tu. Chini kuna tope, na chini ya tope kuna jingine lililoganda kama ukoko wa chungu. Cleavon na wenzake waliteremsha pampu ndefu kupitia tundu, wakalikoroga lile tope kwa maji mpaka likalegea, kisha likavutwa kwa bomba mpaka kwenye nyumba ambako linayeyushwa pamoja na kioo na kumiminwa kwenye mikebe mikubwa ya chuma. Kwa nini kioo, msiniulize. Cleavon alinieleza mara nyingi, lakini katika maelezo yake mimi nilikuwa nasikia jina moja tu.

Jina hilo ni Thomasina Brabham.

Lakini nianze na Cleavon mwenyewe. Alizaliwa mahali ambapo leo ni ndani ya uzio wa Kiwanda, ndivyo tunavyopaita penye matangi. Alikuwa bado anavaa kaptura watu wa serikali walipokuja kuwaambia wote wahame, weupe kwa weusi, pamoja na makanisa na makaburi. Nyumba ya baba yake ilipandishwa nzima juu ya lori ikaletwa huku Williston, mji wetu. Mama yake alikataa kushuka barazani, akasafiri amekaa kitini na kuku mapajani. Mtoto akakua, akaajiriwa na walewale waliomhamisha baba yake. Alianza kwa kufyeka majani, akabeba mabomba, mwisho wakampeleka kwenye matangi. Wao huko huita shamba la matangi. Baba yake alikuwa akilima pamba jirani na hapo, na Cleavon hakuwahi kulitolea neno jambo hilo. Hakuwa mtu wa maneno. Kwenye kwaya ya wanaume aliimba sauti ya chini kabisa, na akicheka yanatikisika mabega tu, sauti haitoki.

Nilimpata nikiwa napanga mapichi kwenye masanduku pale ghalani. Wakati huo alikuwa wa Ernestine Creech, aliyempikia keki kila Jumapili. Mimi sikumpikia keki. Nilimwomba anirekebishie mlango wa nyuma, na mlango ule ukawa hautengemai mpaka akanioa. Nasema haya ili mjue kwamba jinsi mwanamume anavyochukuliwa naijua vizuri sana. Sikuwa mtu wa kuambiwa niache kuwaza mabaya.

Basi mwaka ule wa Olimpiki pale Atlanta, ile nyumba ya kuyeyushia kioo ilikuwa imeanza kazi na kila mtu akawa na haraka. Wakapangwa wawiliwawili. Huko huingii shambani peke yako, na hujivalishi mwenyewe. Unavaa ovaroli juu ya ovaroli, viatu vya mpira juu ya viatu, glavu za kitambaa, juu yake glavu za mpira mara mbili, kofia, na barakoa inayokufanya upumue kama mgonjwa. Ukishavaa, mwenzako anachukua tepu pana anakuzungushia vifundo vya mikono na miguu, pale glavu na viatu vinapokutana na ovaroli, pasipite hata vumbi. Ncha ya tepu anaikunja kidogo ili wakati wa kuvua pawe na pa kushika. Ukivutana na tepu unaweza kujirushia uchafu usoni.

Haya yote niliyajua kwa sababu ya plasta. Cleavon alijikata kidole akitengeneza mashine ya nyasi, nikamfunga plasta, tukakaa kula, akaiangalia.

"Hujakunja ncha," akasema.

"Ncha ya nini?"

"Ya plasta. Thomasina hukunja ncha."

"Thomasina ni nani?"

"Mwenzangu. Ndiye anayenifunga."

"Anakufunga nini?"

"Mikono," akasema. Akachota bamia. "Na miguu."

Akaendelea kula. Mimi nilikuwa nimeshiba.

Kuanzia siku hiyo jina likawa linakaa mezani kwetu. Thomasina kasema mvua itakuja. Thomasina anaweka haradali kwenye wali wa nyama. Nikiuliza habari za kazi najibiwa habari za Thomasina, na nisipouliza napewa bure. Kanisani nako Eulalie Kitchings, anayekaribisha watu mlangoni, akanisubiri nitoke.

"Dada Vashti, nasikia mumeo ana mwanamke wa kumvalisha asubuhi."

"Anamfunga tepu, Eulalie."

"Ndiyo, tepu. Wangu hata kifungo hajafungwa na mtu nje ya nyumba."

"Wako nani amfunge? Mbwa wake mwenyewe humkimbia."

Waliokuwa karibu walicheka, na Eulalie aliondoka amenuna, lakini neno lake nilirudi nalo nyumbani.

Nilimwona Thomasina kwa macho yangu wakati wafanyakazi walipokaanga samaki pale uwanjani. Nilitarajia mrembo. Mrembo ningemwelewa. Huyu alikuwa mwanamke mnene, nywele fupi, ana mwanya, anacheka mpaka samaki anamtoka mdomoni. Alipita tulipokuwa tumesimama huku anaongea na mtu mwingine kabisa. Bila hata kumtazama Cleavon, akaushika mkono wake, akavuta mkono wa shati mpaka kifundoni, akafunga kifungo kilichokuwa wazi. Cleavon naye akampa mkono wa pili. Hakuombwa. Aliunyoosha tu, kama mtoto anayevalishwa kwenda shule. Yeye akaufunga, akaendelea na habari zake.

Kama angembusu ningepiga kelele na mambo yangeisha palepale. Ule mkono wa pili sikuwa na la kuufanya.

Majira ya majani kuanguka yakaja, na jioni moja Cleavon akarudi kidole cha pete kitupu. Palikuwa na alama nyeupe tu.

"Pete iko wapi?"

"Kazini, kwenye kabati."

Kesho yake nikauliza tena. Ameisahau. Kesho kutwa ameisahau tena. Cleavon hajawahi kusahau hata kofia. Na pete ile haikuwa pete tu, ilikuwa ya baba yangu. Baba aliivua mwenyewe akiwa mgonjwa kitandani, akamwekea Cleavon kiganjani, akamwambia, "Hii nakuachia pamoja na huyu binti, na vyote viwili ni vigumu." Wakati huohuo Cleavon akawa anarudi mapema, nguo hazina jasho. Nikimuuliza anasema wamewekwa darasani. Mtu mzima, mvi kichwani, darasani. Nikajiambia, Vashti, ulimchukua huyu kwa mlango wa nyuma, sasa anatoka kwa mlango huohuo.

Jumamosi asubuhi nikavaa kofia yangu nzuri, nikaendesha gari mpaka kwa Thomasina, upande wa Snelling. Nilimkuta barazani, beseni miguuni, anamenya maharage mabichi. Aliinua macho akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Umekuja kunipiga au kunitembelea?"

"Bado sijaamua."

"Basi kaa, uamue ukiwa umekaa. Na uongee taratibu, mama yangu amelala hapo dirishani. Haoni, lakini masikio yake yanafika Georgia."

Sikukaa.

"Nataka pete ya baba yangu," nikasema.

Mikono yake ikasimama juu ya maharage. "Hajakuambia."

"Aniambie nini?"

"Ee, Cleavon," akasema polepole, kama mtu anayesema na mumewe aliyemwaga maziwa. Nikatamani kumpiga kwa mkoba. Badala yake nikakaa.

Akanieleza. Ndani ya shamba la matangi huruhusiwi kuingia na pete, saa wala mkufu. Kila asubuhi, kabla ya kukufunga, mwenzako anakuuliza umevua vyote, na ukiwa hujavua inabidi aseme kwa msimamizi.

"Kila asubuhi namuuliza, na kila asubuhi ananiambia haitoki."

"Ilikuwa inatoka. Akipaka sabuni inatoka."

"Najua inatoka, Dada Vashti. Mwenyewe ndiye hakutaka itoke. Basi nikawa nazungushia tepu kidogo juu ya pete, namvisha glavu, nafunga mdomo wangu, nampitisha."

"Kwa hiyo wewe na mume wangu mlikuwa na siri."

"Kama upumbavu ni siri, tulikuwa nayo."

Akaendelea. Walikuwa wanavuta waya wa kamera, ile wanayoteremsha tangini ili waone tope limebaki wapi. Ndani ya tangi kuna mabomba mengi ya kupoozea, na waya ukanasa. Cleavon akavuta kwa nguvu zake zote, waya ukapita juu ya kidole chenye pete, glavu zikachanika kwa ndani bila mtu kuona. Walipotoka na kuingiza mikono kwenye mashine inayolia ikikuta uchafu, kwa Thomasina ikanyamaza. Kwa Cleavon ikalia.

"Wakamwosha mkono, wakamwosha tena. Mkono ukawa safi. Pete ikakataa. Na kwa kule kusugua kidole kikavimba, sasa ikawa kweli haitoki. Wakaikata."

"Iko wapi?"

"Kwenye pipa, pamoja na glavu na matambara. Itafukiwa. Hiyo hupewi hata ukienda na mchungaji."

Nikatazama barabara. Lilipita trekta.

"Alilia?"

"Alilia."

"Nani alimshika?"

"Ah, Vashti."

"Nauliza nani alimshika mkono wakati wanakata."

Alichukua ganda la haragwe, akalipasua, halikuwa na kitu ndani. "Mimi. Ilibidi mtu aushike usitikisike."

Mke mwingine angeshukuru hapo. Angesema, kumbe hakuna jambo, kumbe mume wangu alikataa kuvua pete yangu hata kwa amri. Najua ndivyo anavyotaka kusikia mtu anayesoma. Mimi niliumia zaidi. Mwanamume akilala na mwingine, dawa yake naijua, nimeiona ikitumika kwa jirani na kwa dada yangu. Lakini huyu alilia juu ya pete ya baba yangu mbele ya mwanamke mwingine, akashikwa mkono, akapanguswa, halafu akaja kwangu akanisifia mkate wa mahindi. Machozi yale yalikuwa yangu. Aliyapeleka kwa mtu mwingine.

"Wametuweka darasani wote wawili," Thomasina akasema, "yeye kwa kuvaa, mimi kwa kunyamaza. Jumatatu tunarudi. Tangi letu limebaki ule ukoko wa chini, ndio mbaya kuliko wote. Wametuambia anayetaka mwenzake mwingine aseme."

"Sema basi."

"Sisemi."

"Kwa nini?"

Alionyesha dirisha kwa kidevu. "Kwa sababu Cleavon naye ananifunga mimi. Huyo mle ndani nikimletea uchafu kwenye nywele zangu, hataujua, atanipapasa uso kama kawaida yake. Kuna watu kule wanafunga huku wanaangalia saa. Cleavon haangalii saa. Nichukie tu, nimezoea kuchukiwa. Lakini simwachii."

"Simwachii," nikarudia. "Unasikia unavyosema?"

"Nasikia. Chukua maharage, yako mengi."

Sikuchukua.

Nyumbani nilimkuta Cleavon nyuma ya nyumba, mashine ya nyasi imepinduliwa.

"Umetoka kwa Thomasina," akasema.

"Nani kakuambia?"

"Umevaa kofia ya Pasaka."

"Nisikilize. Jumatatu utaomba mwenzako mwingine. La sivyo Jumatatu hiyohiyo mimi niko Augusta kwa dada yangu, na sirudi kwa sababu ya kwaya wala ya mchungaji."

Aliweka spana chini, akajifuta mikono, kidole kimoja baada ya kingine. Halafu akaongea, na katika ndoa yetu yote sikumbuki akiongea maneno mengi hivyo.

"Vashti, ukitaka nile nje, nitakula nje. Ukitaka jina lake lisitajwe humu, halitatajwa. Nikiacha kufungwa naye watanipa Wendell Odom. Unamjua Wendell. Mlango wa gari lake umefungwa kwa kamba ya nguo. Ule ukoko wa chini ukishaguswa unapaa kama vumbi, unashika popote penye mwanya. Ukitaka anifunge Wendell, nitafungwa na Wendell. Sitabisha. Ila uniambie mwenyewe, hapa, kwa mdomo wako."

Hapo ndipo aliponiweza. Nilifungua mdomo niseme. Nikaona gari la Wendell, na ile kamba ya nguo, na mlango unaning'inia kila akikata kona. Nikaufunga mdomo. Mbwa wa jirani akabweka, tukamsikiliza wote wawili kama anahubiri.

"Mbona hukuniambia habari ya pete?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi kuliko hilo tope?"

"Tope nimelizoea."

Mabega yakamtikisika kidogo. Yangu hayakutikisika. Nikaingia ndani nikalitoa sanduku la safari, nikaliacha wazi kitandani mpaka Jumapili, apite aone. Nguo sikutia. Kumwacha Cleavon aende na Wendell nisingeweza, na kumwachia Thomasina bila kupata changu nisingeweza pia. Nilikaa kanisani ibada nzima natafuta changu ni kipi. Wimbo wa mwisho ulipoanza nilikuwa nimekipata.

Nilimkopa kaka yangu Otis pete, ya fedha, haina urembo wowote, alikuwa amefiwa na mkewe na hakuivaa tena. Asubuhi ya Jumatatu, Cleavon akiwa ameshika chombo chake cha chakula, nikamsimamisha pale jikoni.

"Lete mkono."

Akauleta. Nikamvisha ile pete mpaka mwisho wa kidole. Kisha nikaivua.

"Hii haitoki nyumba hii," nikamwambia. "Asubuhi naivua mimi. Jioni naivisha mimi. Ukirudi, kabla ya maji, kabla ya viatu, kabla ya kuniambia mvua itanyesha, unaniletea mkono. Wewe mwenyewe usiiguse. Na huyo akikuuliza umevua vyote, mwambie pete iko kwa mke wako."

"Nitamwambia."

"Mwambie kwa maneno hayohayo."

Akaenda. Mimi nikaivaa ile pete kidole gumba, nikaenda kwenye jiko la shule ninakopika, nikawakorogea watoto uji wa mahindi. Siku nzima niliisikia kwenye mwiko. Kila ilipogonga nilijua sasa amefika, sasa anavaa, sasa yule mwanamke amechukua tepu, sasa anamzungushia kifundo cha kulia, sasa cha kushoto. Sikuwahi kufanya kazi vibaya vile. Uji uliungua, na mwalimu mkuu akaula bila kusema kitu kwa sababu ananijua.

Jioni nilisimama mlangoni kabla gari halijasikika. Alipanda ngazi, amechoka, nywele zimelala kwa ile kofia. Akaleta mkono. Kifundoni palikuwa na alama nyekundu ya mahali tepu ilipobana juu ya nguo, mviringo mmoja sawasawa, haujapinda popote. Niliugeuza mkono nikautazama pande zote. Kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Nikamvisha pete.

"Kasema nini ulipomwambia?"

"Kasema, vizuri."

"Vizuri tu?"

"Kasema, vizuri, sasa tufanye kazi."

Hata hilo lilinikera. Nilitaka limuume.

Ukoko waliutoa. Ulichukua muda mrefu, waliumwagia maji, wakaumwagia dawa, wakaukwangua kwa mashine wanayoiendesha wakiwa mbali, na kila jioni mkono ulikuja kwangu mlangoni, hata siku tulizokuwa hatusemeshani. Siku kamera ilipoonyesha chuma cha chini, Cleavon alirudi anaongea kama mtu aliyekunywa. Alisema chuma kilikuwa na mistari ya kutu kama ramani. Nikamuuliza alikuwa na nani. Akasema walikitazama pamoja. Nikamwambia akanawe. Baadaye wakalijaza tangi zege mpaka juu, na yeye miaka michache mbele akastaafu, mzima, hajapatwa na kitu.

Mama wa Thomasina alishafariki. Siku hizi Thomasina huja Jumamosi na njugu za kuchemsha, anakaa barazani kwetu, na Cleavon anasikiliza habari zake. Kiti cha katikati ni changu. Nilikiweka pale mwenyewe, na Otis alipotaka kukikalia nilimwinua.

Jumamosi iliyopita Thomasina aliinama kunipita ili ampe Cleavon njugu, nikaupokea mfuko mimi.

"Bado unanionea wivu, Dada Vashti?"

"Bado."

"Na uzee huu? Magoti yenyewe hayaniruhusu kushuka ngazi."

"Mikono yako naiona inafanya kazi," nikamwambia. Nikamenya njugu, nikampa mume wangu.